Wiki 20 kabla ya SQE1, kazi ya kea, chama na harusi ya dada: nipangeje hadi Septemba?

chipukizi_wa_sheria

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za huko mliko.

Naomba ushauri wa wanaoijua vizuri mitihani ya usolisita ya Uingereza. Nimemaliza shahada ya sheria hapa hapa, nimejisajili SQE1 ya Januari ijayo (sehemu ya kwanza ya mtihani wa kuwa solisita, yaani wakili wa England na Wales), na mpango ni kuunganisha na sehemu ya pili, SQE2, ya Aprili. Kazi kwenye kampuni ya mawakili inaanza Septemba mwakani. Kampuni inalipia kozi na ada ya mtihani, ila kwa jaribio la kwanza tu.

Yaliyo mezani ni haya. Kea, yaani kazi ya kuhudumia wasiojiweza, saa 20 kwa wiki, nyingi za usiku. Uweka hazina wa chama cha Watanzania mjini kwetu. Kufundisha watoto Kiswahili Jumamosi asubuhi. Kujitolea jioni moja kwa wiki kwenye kliniki ya msaada wa kisheria. Na Jumamosi ya pili ya Desemba dada yangu wa tumbo moja anaolewa Dar, nami nimeshaingizwa kwenye kamati.

Nitoe kipi, nibakize kipi? Nipumzike lini? Na ile miezi ya baada ya SQE2, nibebe boksi nitunishe mfuko au nilale tu? Sitaki kuingia kazini Septemba nikiwa hoi.

Mzee_wa_Rufaa

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza ujue unachojiandalia, kwa sababu wengi hupanga ratiba ya mtihani wanaoufikiria, si huu uliopo.

SQE1 ni karatasi mbili, FLK1 na FLK2, kila moja siku yake. Kila karatasi ina maswali 180 yenye machaguo matano, unachagua jibu lililo bora kuliko mengine. Unafanya 90, unapumzika dakika 60, unafanya 90 yaliyobaki. Kila nusu ni dakika 153, sawa na sekunde 102 kwa swali. Ukishaingia mapumzikoni, nusu ya kwanza imefungwa. Jibu baya halipunguzi alama, kwa hiyo kuacha swali wazi ni kujipunja mwenyewe.

Kinachoangusha watu ni upana. FLK1 ina biashara na kampuni, mashauri ya madai, mikataba, sheria ya madhara (tort), mfumo wa sheria, katiba na utawala, na huduma za kisheria. FLK2 ina uhamishaji wa miliki za ardhi na nyumba, wosia na mirathi, hesabu za fedha za wateja, sheria ya ardhi, amana (trusts), na jinai pamoja na mwenendo wake. Maadili ya uwakili yanapenya kila mahali, na kodi imejificha ndani ya biashara, nyumba na mirathi. Huingii na kitabu wala kikaratasi.

Kwa mhitimu wa sheria wa huku, saa 22 kwa wiki kwa wiki 20 zinakupa 440. Hizo zinatosha kama ni saa kweli, si saa za kukaa mbele ya kompyuta huku simu inalia. Kwa atakayesoma uzi huu akiwa na shahada ya Dar au Nairobi, ongeza. Sheria ya nyumbani haina kosa, tatizo ni kwamba majibu yake yanakuwahi kichwani. Mfano: mtu amekufa bila wosia, ameacha mke na watoto. Kwa England na Wales mke anachukua vitu binafsi vya marehemu, £322,000 za kwanza na nusu ya kinachobaki. Watoto wanagawana nusu nyingine. Hakuna kikao cha ukoo, hakuna kuangalia dini wala mila. Mtihani utakupa familia yenye kila aina ya mazingira ya kukuvuta huruma, na jibu linabaki lile lile.

Zigawe wiki zako hivi: 12 za kwanza kupita mada zote mara moja, na kila siku maswali 20 ya mada ya *wiki iliyopita*, sio ya leo. Ya leo utayapata tu, bado yana moto. Wiki moja ya kupumzika. Tano za maswali ya mchanganyiko, 90 kwa mkupuo mmoja, ukijipimia muda. Mbili za mwisho ni kuziba matundu, hakuna mada mpya.

Kwenye mazoezi ya 90, saa ya kompyuta inahesabu kurudi nyuma. Ukimaliza swali la 30 unapaswa kuwa na dakika 102, la 60 uwe na 51. Zikikutana na zako, endelea. Ukiwa nyuma kwa zaidi ya dakika tano, swali refu lijalo weka alama, bahatisha, songa mbele.

Kisha weka daftari la makosa, na kila kosa uandike *sababu*: sikuijua sheria, niliijua lakini sikusoma swali vizuri, au nilibaki na mawili nikachagua baya. Aina ya kwanza tiba yake ni kusoma. Ya pili tiba yake ni usingizi, nasema kweli. Ya tatu ni maswali mengi zaidi. Mtu anayetibu zote kwa kusoma tena kitabu anapoteza mwezi mzima.

Jambo moja dogo linalookoa muda: mtihani unapima sheria ilivyokuwa miezi minne kabla ya siku ya kwanza ya dirisha la mtihani. Kwa Januari, ina maana Septemba. Mabadiliko ya Novemba yasikukoseshe usingizi.

Bi_Rota

Mimi nitajibu ya kea, maana ndiko ratiba za wengi zinakobomokea.

Mdogo wangu, tatizo lako si saa 20. Ni *usiku*. Shifti moja ya usiku inaharibu siku mbili: ile unayolala mchana, na ile ya pili unapojaribu kurudisha usingizi mahali pake. Usiku wa Jumatatu na usiku wa Alhamisi unakula siku nne. Usiku wa Jumatatu na Jumanne mfululizo unakula tatu. Kwa hiyo kabla ya kuomba kupunguziwa, omba zibandikwe pamoja. Meneja wa rota, yaani ratiba ya zamu, huwa hakatai hilo, hata kwake ni nafuu.

Siku unayotoka usiku usisome mada mpya. Lala kwanza, jioni pitia kadi za kukumbuka kwa dakika 40 hivi, basi. Kusoma amana ukiwa umelala kwa saa nne tu ni kupaka rangi ukuta uliolowa.

Usiku wa mwisho uwe si chini ya wiki tatu kabla ya FLK1. Mwili unahitaji muda kurudi kwenye mchana, na mtihani utakukalisha siku nzima ukiwa macho makavu.

Sasa fedha. Kama mkataba wako ni wa saa zisizo maalumu, likizo inajilimbikiza kwa asilimia 12.07 ya saa ulizofanya. Wiki 18 za saa 20 ni saa 360, kwa hiyo una takriban saa 43 za likizo ya kulipwa. Ni wiki mbili na ushee. Ila tazama karatasi ya mshahara kwanza: waajiri wengine wanaruhusiwa kulipa fedha ya likizo ndani ya kila malipo. Ukiona mstari wa "holiday pay" kila mwezi, fedha yako ya likizo umeshaila, na siku ukipumzika hulipwi kitu. Hapo ndipo watu huaibika mwezi Januari.

Kima cha chini kwa mwenye miaka 21 na zaidi ni £12.71 kwa saa tangu Aprili 2026. Wiki ya saa 20 ni £254.20 kabla ya makato. Unataka wiki tatu za mwisho bila kazi: mbili zitabebwa na likizo, ya tatu ni hiyo £254. Iweke pembeni £15 kila wiki kuanzia sasa na haitakuuma.

Taarifa ya likizo kisheria ni angalau mara mbili ya urefu wa likizo yenyewe. Wiki mbili za likizo, taarifa wiki nne. Lakini kwa Desemba na Januari usisubiri hesabu hiyo, kila mtu anagombea Krismasi. Peleka maombi Oktoba mwanzoni, kwa maandishi, na upate jibu la maandishi. "Usijali nitakupanga" si jibu.

Na kama bado uko kwenye viza ya mwanafunzi, saa 20 ndio ukomo wakati wa masomo. Wiki moja ya kumfunikia mwenzako shifti na umeshavuka. Anayetaka kuwa solisita asicheze hapo.

kaka_wa_Likoni

Salaam nyote. Nakubaliana na mengi, ila mzee hapo kwenye wiki ya mapumziko katikati ya Novemba nina neno. Huyu ana harusi Desemba. Akipumzika Novemba na akaenda Dar Desemba, amepumzika mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na yale maswali ya mchanganyiko yamekatwa vipande. Harusi ndiyo iwe mapumziko yake. Wiki ya 16, basi.

La pili, watu wanaitazama Januari kama mwisho wa safari, lakini mpango kama huu ukivunjika huvunjikia kati ya Januari na Aprili.

Matokeo ya SQE1 ya Januari hutoka Machi. Bila kufaulu SQE1 hukai SQE2. Sasa wengi huketi Februari nzima wakisubiri matokeo, wakipata wamebakiwa na wiki chache. Fanya hivi: ukitoka FLK2 pumzika wiki mbili kamili, vitabu vifungiwe. Wiki ya tatu anza SQE2 kama uliyefaulu. Ukikuta hukufaulu, hukupoteza kitu, sheria ni ile ile.

Kwa wanaofunga: Ramadhani mwaka 2027 inaanza mapema Februari, kwa hiyo inaangukia palepale mwanzo wa maandalizi ya SQE2. Ni mahali pazuri kuliko ingeangukia wiki ya mtihani. Kazi nzito iwekwe asubuhi baada ya daku na swala, kazi ya mikono kama kuandika rasimu iwekwe mchana, na baada ya tarawehe usijilazimishe.

SQE2 ni mtihani wa aina nyingine kabisa. Vituo 16, yaani majukumu 16 tofauti. Kumi na mbili vya kuandika, nusu siku tatu: uchambuzi wa jalada dakika 60, utafiti wa sheria dakika 60, kuandaa hati dakika 45, kuandika barua dakika 30. Vinne vya mdomo, nusu siku mbili: siku moja unasimama mbele ya jaji kwa shauri la madai na kumhoji mteja wa nyumba, siku nyingine unasimama kwa jinai na kumhoji mteja wa wosia na mirathi. Ujuzi na sheria vina uzito sawa, nusu kwa nusu.

Kumhoji mteja kunaumiza watu wanaodhani Kiingereza chao kinatosha. Dakika 10 za kujiandaa, 25 za mazungumzo, 25 za kuandika muhtasari wake. Anayeigiza mteja ndiye anayetoa alama za mazungumzo, na hapimi sheria yako hata chembe. Anapima kama ulimsikiliza, ulimweleza akaelewa, alikuamini. Sheria inapimwa kwenye muhtasari. Kwa hiyo usimhubirie mteja vifungu. Muulize, nyamaza, andika.

Na muhtasari huo unaandikwa *kwa mkono*. Kizazi chenu hakijashika kalamu kwa dakika 25 mfululizo tangu kidato cha sita. Kuanzia Februari andika ukurasa mmoja na nusu kila siku, ukijipimia muda. Mkono ukikaza dakika ya 15, nusu ya ushauri wako unabaki kichwani.

Mtihani wa kuandika unafanyika kwenye vituo vya Pearson VUE, kampuni ya kuendesha mitihani ya kompyuta, ila wa mdomo lazima uwe ndani ya England au Wales, kwenye miji michache. Huenda ukapangiwa mji usio wako. Nauli na malazi ya usiku mmoja au miwili viwe kwenye bajeti.

chipukizi_wa_sheria

Asanteni sana wakubwa. Maswali mawili. Harusi: niende au nisiende? Wapo wanaoniambia niahirishe mtihani hadi Julai. Na uweka hazina, nikijiuzulu sasa watasema nimewakimbia, uchaguzi ni Machi.

Mzee_wa_Rufaa

Julai usifikirie. Ukifanya SQE1 Julai, SQE2 ya mapema kabisa ni ya Oktoba, na Septemba imepita. Utakuwa umeuza tarehe ya kazi kwa sherehe ya siku moja. Soma barua yako ya ajira: kampuni nyingi zinasema wazi kwamba lazima ufaulu mara ya kwanza, nyingine zinasogeza tarehe, nyingine zinafuta mkataba. Jua ya kwako inasema nini *kabla* ya Januari. Kama lugha yake haieleweki, waandikie idara ya wafanyakazi uwaulize. Hawakuhesabii ubaya kwa kuuliza.

Kisheria una nafasi tatu kwa kila mtihani ndani ya miaka sita tangu ulipokaa mara ya kwanza, na ukifaulu FLK1 ukaanguka FLK2 unarudia iliyoanguka tu. Lakini hiyo ni sheria ya mtihani. Ya mwajiri ni kitu kingine, na ada ya kurudia ni yako. Kwa viwango vya kuanzia Septemba 2025, SQE1 nzima ilikuwa £1,934.

Bi_Rota

Harusi ya dada wa tumbo moja unakwenda. Tusidanganyane, ukibaki utasoma huku unatazama video za kwenye simu usiku kucha, na mama yako atakukumbusha hadi unastaafu. Lakini unakwenda kama *mgeni*. Kwenye kamati toka leo. Toa mchango wako, sema wazi hupokei simu za vikao, mwenyekiti aende na wengine. Kamati ya harusi inakula usiku wa watu: kikao kinaitwa saa moja jioni, kinaanza saa tatu, na kwa tofauti ya saa tatu ya majira ya baridi kinakukatia alasiri yako yote huku.

Ondoka Jumatano, rudi Jumatatu au Jumanne. Tofauti ya saa tatu si kitu, ila safari yenyewe na kubadilisha ndege Doha au Addis inamaliza karibu siku nzima kila upande. Usibebe kitabu. Kadi za kwenye simu nusu saa asubuhi, kwa ajili ya kutokata mnyororo tu.

Kubwa kuliko yote: malaria. Hili watu wa ughaibuni wanalipuuza kwa sababu wamezaliwa kule. Kinga ya mwilini inashuka ukikaa nje. Malaria kali huonekana kuanzia siku ya saba baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi ndani ya mwezi. Ukirudi katikati ya Desemba, dirisha hilo linafika hadi siku ya mtihani. Muone mfamasia wiki kadhaa kabla. Malarone unaanza siku moja au mbili kabla ya kufika, kila siku ukiwa huko, na siku saba baada ya kuondoka. Doksisaiklini ni nafuu kwa bei lakini unaendelea nayo wiki nne baada ya kurudi. Na wengi humeza vizuri Dar kisha wanaacha siku wakitua Heathrow. Zile siku saba ndizo zinazomaliza kazi. Ukipata homa yoyote baada ya kurudi, mwambie daktari neno la kwanza kwamba umetoka Tanzania, wakupime siku hiyo hiyo.

Na ujue SQE wana kanuni moja: ukiingia kwenye chumba cha mtihani umetangaza kwamba una afya ya kuufanya. Ukiwa mgonjwa kweli kweli, usiingie kishujaa halafu ulalamike baadaye. Maombi ya hali maalumu hayakuongezei alama; yakikubaliwa, jaribio lile linaweza lisihesabiwe. Mwenye hali ya kudumu, mjamzito, anayenyonyesha, au mwenye ugumu wa kusoma, njia yake ni nyingine: aombe mpangilio maalumu mapema kabisa, na vyeti vya daktari mkononi.

Daftari_la_Chama

Kuhusu uweka hazina: usisubiri Machi, na usijiuzulu kwa ujumbe wa WhatsApp. Kukabidhi vizuri ni kazi ya jioni mbili.

Chukua taarifa ya benki ya mwisho wa mwezi. Linganisha na daftari mstari kwa mstari, kila tofauti iwe na maelezo: ahadi ya mchango isiyolipwa, malipo ambayo hayajapita, fedha taslimu iliyoko kwa mtu. Rambirambi zitenganishwe na ada za uanachama hata kama ziko akaunti moja. Andika ukurasa mmoja: salio la kuanzia, yaliyoingia, yaliyotoka, salio la mwisho. Kikao kiridhie, mwenyekiti na mpokeaji wasaini, iingie kwenye muhtasari. Kisha nenda benki ubadilishe watia saini. Hatua hiyo ndiyo inayosahaulika: mtu amekabidhi daftari, jina lake bado lipo benki, na ukitokea msiba wa ghafla Januari usiku, simu inakuja kwake aidhinishe malipo.

Na kwa mtu anayekwenda kuwa solisita, kutoka na karatasi safi si hiari. SRA, mamlaka inayosimamia masolisita, watakuchunguza tabia na uaminifu kabla ya kukuandikisha. Manung'uniko ya fedha za chama ni kitu unachotaka kiwe kimefungwa kwa saini. Usikae Machi ukijitetea kwenye kundi.

Faida ya pembeni: ukishaona kwa nini rambirambi hazichanganywi na ada, sura ya hesabu za fedha za wateja kwenye FLK2 umeshaielewa nusu.

kaka_wa_Likoni

Kliniki usiiache moja kwa moja. Isimamishe kuanzia Novemba, rudi Februari. Sababu ni mbili. Ya kwanza, kule unahoji watu wa kweli, na hakuna mazoezi bora ya kituo cha mteja cha SQE2. Ya pili, kazi ya kliniki inaweza kuhesabiwa kwenye uzoefu wa kazi unaotakiwa, ule QWE wa miaka miwili, mradi kuna solisita wa kuidhinisha na mashirika yasizidi manne. Kwa jioni moja kwa wiki ni kidogo, na kampuni yako huenda isipunguze hata siku. Lakini omba saini kabla hujaondoka. Mwaka mmoja baadaye msimamizi atakuwa kahama.

Watoto wa Kiswahili, bakiza. Ni saa mbili, hazikufuati nyumbani. Ila pata wa kukupokea kwa Desemba na Januari.

Baada ya SQE2: mtihani unamalizika karibu na mwanzo wa Mei, Septemba iko mbali. Usilale miezi minne, na usibebe boksi miezi minne. Wiki mbili za mwanzo usifanye chochote, mwili utadai tu. Mwishoni mwa Mei hadi Julai fanya kazi, za mchana. Kisha nenda nyumbani kwa raha, wiki tatu hivi, safari ambayo Desemba hukuipata. Rudi kabla ya katikati ya Agosti. Matokeo ya SQE2 huchukua wiki 14 hadi 18, yaani yanaangukia Agosti, na hutaki kuyasoma ukiwa Pemba mtandao unakatika huku kampuni inataka jibu.

Hesabu ya Septemba ifanye mapema. Mshahara hulipwa mwisho wa mwezi, nyumba inalipwa mwanzo. Dhamana ya nyumba haizidi kodi ya wiki tano. Kwa chumba cha £900 kwa mwezi, wiki tano ni £1,038, ongeza kodi ya mwezi wa kwanza, unahitaji takriban £1,940 kabla hujaona senti ya kazi mpya, nauli haijaingia. Hiyo ndiyo shabaha ya kea ya Juni na Julai. Ukishaifikia, acha. Na kati ya shifti ya mwisho ya kea na siku ya kwanza ofisini ziwepo siku kumi angalau.

chipukizi_wa_sheria

Nimeelewa, asanteni mno. Barua ya kamati naandika leo. Moja la mwisho: kwenye akaunti ya mtihani nimejiandikisha kwa majina mawili, pasipoti ina matatu. Ni tatizo?

Mzee_wa_Rufaa

Linaweza kuwa, na mezani kwa Pearson VUE hakuna wa kumlilia. Jina la kwanza na la ukoo lazima yalingane na kitambulisho, na kwetu jina la tatu ndilo ambalo mtu hulitumia kama la ukoo leo, kesho anatumia la babu. Waandikie wasimamizi wa SQE wiki hii, ambatanisha ukurasa wa pasipoti, omba warekebishe, na uhifadhi jibu lao. Tazama na tarehe ya kuisha. Kama inaisha karibu, ihuishe sasa au baada ya FLK2. Usiipeleke ubalozini Desemba ukabaki huna kitambulisho. Siku yenyewe unakwenda na pasipoti halisi mkononi. Picha ya kwenye simu hawaipokei.